Siku Niliyoshikilia Jeneza Langu Lisidondoke

Nianze na jeneza, maana najua ndilo lililowavuta hadi hapa.

Lilikuwa langu. Sisemi langu kwa maana kwamba nililitengeneza mimi. Lilikuwa la kunizika mimi, huyuhuyu anayeandika haya akiwa amekunja miguu kwenye kochi.

Na lilikuwa fupi kwa inchi nne.

Nililishikilia kwa mikono miwili nyuma ya pikapu, mchana kweupe, tukavuka nalo mji mzima huku watu wakituvulia kofia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na papo hapo nilikuwa na hofu kuliko siku zote za ugonjwa wangu.

Kaeni vizuri niwaeleze.

Mimi ni fundi seremala. Milango, makabati, vitanda, na majeneza inapobidi. Mke wangu anafundisha Kiswahili shule ya sekondari. Mtaani mimi naitwa Fundi na yeye anaitwa Mwalimu, na hata sisi wenyewe ndani ya nyumba tunaitana hivyohivyo. Tumezoea.

Mwaka jana nilipata uvimbe chini ya sikio. Kadogo tu, kama punje ya mahindi. Nikasema jino. Kakawa kama yai, nikasema jino kubwa. Mwalimu akanishika mkono akanipeleka hospitali bila kuniuliza.

Saratani ya tezi.

Sitawachosha na habari za miezi minane ya dripu. Niseme tu kwamba nywele zilikwenda, nyusi zikafuata, mwisho kope nazo zikaaga. Hakuna anayejua kazi ya kope kama fundi seremala. Unga wa mbao ulikuwa unaingia machoni moja kwa moja, hauna hata pa kugonga hodi.

Kila tulipokwenda kliniki, mimi nililala na sindano yangu mkononi, Mwalimu akaingia ofisini kwa daktari. Akitoka ananiambia, "Anasema dawa inashika."

Mimi ningemwamini nani tena kama si yeye? Nikaamini. Nikawa nameza dawa zangu kama mtu anayejua anakokwenda.

Sasa ikafika siku ya majibu ya mwisho. Kipimo kikubwa, kile cha kuingizwa kwenye bomba mwili mzima.

Mwalimu akasema hawezi kuja, ana usimamizi wa mitihani. "Nenda na Telegramu," akasema.

Telegramu ni shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu. Fundi umeme, kijana mzuri, hana neno. Na ninaposema hana neno namaanisha kabisa, hana maneno. Akikuandikia ujumbe utadhani kila herufi anailipia kutoka mfuko wake wa shati. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

Simu yangu niliiacha nyumbani chini ya mto, makusudi. Sikutaka watu wanipigie kuuliza majibu yamekuwaje.

Saa mbili na nusu asubuhi tuko mbele ya daktari. Ametundika picha zangu kwenye ule ubao wenye mwanga. Anaangalia. Anavua miwani, anavaa. Anasogea, anarudi nyuma.

"Sioni kitu," akasema.

"Washa taa basi, Daktari," nikamwambia.

Akageuka akanitazama. Halafu akaanza kucheka, na daktari yule katika miezi minane sikuwahi kuliona hata jino lake moja.

"Fundi, nasema sioni ugonjwa. Shingo safi, kifua safi, tumbo safi. Utakuwa unakuja kila baada ya miezi mitatu tukuangalie, lakini leo hii, kwenye picha hizi, hakuna kitu."

Ndugu zangu, sikuruka. Sikupiga magoti. Nilitoka hadi kwenye korido, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia Telegramu, "Nipe dakika tano."

Nikalala.

Nililala usingizi ambao nilikuwa nadaiwa na mwili wangu tangu siku ya uvimbe. Watu wanapita na vitanda vya magurudumu, watoto wanalia sindano, mimi nakoroma na mdomo wazi.

Telegramu aliniangalia, akanionea huruma, akaamua asiniamshe. Akatoa simu yake. Ilikuwa imebakiza chaji kidogo sana. Akaandika kwenye kundi la familia, akatuma, simu ikazima.

Nitawawekea ujumbe wenyewe, kama ulivyo, msije mkasema naongeza chumvi:

"Daktari amesema yamekwisha. Shemeji amepumzika. Naja naye saa saba. Fungueni sebule mpokee. Asanteni kwa maombi."

Someni tena taratibu.

Kila neno mle ni kweli. Ugonjwa ulikuwa umekwisha. Mimi nilikuwa nimepumzika, tena benchi zima. Alikuwa anakuja na mimi saa saba, na alitaka watu wanipokee.

Nyumbani kwetu ujumbe huo ulisomwa na shangazi yangu, kwa sauti. Alipofika kwenye "amepumzika" hakumaliza uliobaki. Alitupa simu, akaanza kulia.

Mimi sina habari. Niliamka saa tano na nusu, shingo inauma, tabasamu limejaa uso mzima. Nikamwambia Telegramu tupitie karakana kwanza niwasalimie wenzangu, ni njiani.

"Umewaambia nyumbani?" nikamuuliza.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Simu imezima."

Basi tukaenda kwa miguu, taratibu, na mimi naona kila kitu. Mwanamke anakung'uta mkeka barazani. Jamaa anapaka rangi ukingo wa barabara, mstari mmoja mweusi, mmoja mweupe, anarudia. Mimi nasimama namwangalia kama mjinga. Nikamwambia, "Kazi nzuri sana hiyo." Akanishukuru kwa wasiwasi.

Tukafika karakana.

Cha kwanza nilichoona ni Patasi analia huku anapiga randa.

Patasi ni mshirika wangu, miaka kumi na tisa tunagombania meza moja ya kazi. Sijawahi kumwona analia, hata alipojikata kidole. Na nyuma yake, kwenye pikapu yake, kulikuwa na jeneza ambalo bado halina kitambaa. Yeye alikuwa anamalizia mfuniko. Mzee Vanishi, mpaka rangi wetu, yuko pembeni na brashi, kamasi na vanishi vimechanganyika.

Nikasema, "Jamani, nani tena?"

Mzee Vanishi akageuka. Akaniangalia. Kopo likamtoka mkononi.

Patasi hakugeuka. Akajibu huku anasukuma randa, "Ni Fundi, bwana. Fundi ametutoka."

"Fundi yupi?"

"Fundi wetu."

"Fundi wenu mimi?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Randa ikaendelea yenyewe hadi mwisho wa ubao, ikaanguka.

Sitaki kumwaibisha mshirika wangu, kwa hiyo nitasema tu kwamba alipanda juu ya meza ya kazi kwa hatua moja, na mtu huyu ana magoti mabovu.

Ilichukua muda kuwatuliza. Mzee Vanishi alinigusa shavu kwa kidole, akanipaka vanishi, ndipo akaridhika. Shangazi ndiye aliyewapigia simu saa tatu, wakaacha kazi zote, wakachukua mbao bora kuliko zote tulizokuwa nazo. Yaani zile nilizowakataza kugusa.

Nikalisogelea jeneza. Kazi ni kazi, macho hayakai chini. Maungio mazuri. Pembe zimekaa. Nikavuta futi yangu kutoka mfukoni, nikapima.

"Fupi hili. Inchi nne."

"Tulikukisia," Patasi akasema, bado yuko juu ya meza.

"Na upana wote huu wa nini? Mmeweka na mgeni?"

Akafuta pua. "Tulipiga kwa ukubwa wako wa zamani. Ule wa kabla hujaumwa. Hatukutaka kukuzika mwembamba."

Nilikaa kwenye ukingo wa pikapu nikacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Halafu Telegramu, ambaye muda wote amesimama pale kimya, akasema neno moja.

"Dada."

Kicheko kikanikauka.

Mwalimu yumo kwenye kundi la familia. Ujumbe ule anao. Kilichomwokoa mpaka saa ile ni mitihani. Wasimamizi wote hukabidhi simu zao asubuhi kwa mwalimu mkuu, na hurudishiwa mtihani ukiisha, saa saba kamili. Na Mwalimu ana presha. Mwezi wa tatu wa ugonjwa wangu alianguka kwenye ngazi za hospitali, akalazwa siku mbili kitanda cha wodi ya pili, mimi nikiwa wodi ya kwanza. Waliponiruhusu kumwona, daktari wake aliniambia wazi kwamba mama huyu asipewe mshtuko mwingine.

Na huu haukuwa mshtuko. Hili lilikuwa tangazo la kifo changu.

Saa ya ukutani karakana ilisema saa sita na dakika ishirini.

"Pigeni simu shuleni," nikasema.

Hakuna aliyekuwa na namba ya shule, wala ya Mwalimu kichwani. Namba zote zilikuwa kwenye simu yangu, na simu yangu iko chini ya mto. Simu ya Telegramu ni ya zamani, pini ya chaja yake haipo duniani. Patasi akampigia Shangazi ili aandike kwenye kundi kwamba ni makosa.

"Shangazi, Fundi yuko hapa. Mzima."

Nikasikia sauti ya Shangazi inatoka kwenye simu, kali kabisa. "Wewe kijana, utani na msiba wangu umeutoa wapi?"

Nikanyakua simu. "Shangazi, ni mimi."

Nikasikia anaita jina la Mungu.

"Shangazi, ni mimi mwenyewe, sijafa. Nililala tu kwenye benchi."

"Ushindwe," akasema Shangazi, akakata. Tulipopiga tena alikuwa ameizima.

Basi hakuna la kuongea. Shule iko ng'ambo ya pili ya mji, na gari lililopo ni pikapu ya Patasi, ambayo kiti cha abiria kiling'olewa zamani ili mbao ndefu ziingie. Kushusha jeneza ni watu wanne na dakika kumi, na dakika hatuna. Kulifunga kamba, kamba imekatika. Patasi akaingia kwenye usukani, mimi na Telegramu tukapanda nyuma, mmoja huku, mmoja kule, tukalikumbatia.

Tukaondoka.

Sasa hebu nitazameni. Kipara kisichokuwa na unywele. Sina nyusi. Nguo za mwaka juzi zinanipwaya. Nina alama ya vanishi shavuni. Na nimekumbatia jeneza.

Watu wakaanza kusimama kando ya barabara. Mzee mmoja akavua kofia, akainamisha kichwa. Nikampungia mkono. Sikujua la kufanya, jamani, ameniheshimu, nimnunie? Akarudisha kofia haraka, akaingia dukani.

Mwili wangu ulikuwa umejaa furaha, haunisikilizi. Kila jengo tulilopita nililiona zuri. Upepo ulikuwa unanipiga kwenye kipara na nilisikia raha hadi kwenye vidole vya miguu. Halafu nakumbuka Mwalimu, saa saba, namgongea Patasi paa aongeze mwendo. Tukipita kwenye shimo jeneza linaruka, tunalishika, furaha inarudi. Nilikuwa napanda na kushuka hivyo njia nzima.

Kwenye makutano makubwa magari yamejaa, hayasogei. Saa sita na dakika arobaini na nane. Nikaanza kusali kwa sauti.

Afande wa barabarani akatuona. Akapuliza filimbi, akasimamisha magari yote ya pande tatu, akatuonyesha tupite. Patasi, kwa mshangao wake, akazima gari.

Wakati anahangaika kuliwasha, afande akaja nyuma kwetu, amevua kofia.

"Poleni kwa msiba."

"Asante, afande."

"Marehemu ni nani yako?"

Mimi uongo sijui kuusema kwa haraka. "Ni mimi mwenyewe, afande."

Akaniangalia kipara. Akaniangalia shavu. Akaangalia jeneza, akarudi kwangu.

"Kafa kidogo tu," Telegramu akamsaidia.

"Piteni," afande akasema, akirudi kinyumenyume. "Piteni upesi."

Gari likawaka. Nikamwambia Telegramu, kati ya maneno yote uliyoyabana maishani, hayo ndiyo umechagua kuyatumia. Akainamisha kichwa. Niliona kwamba anaogopa. Mwalimu ndiye aliyemlea.

Tulifika shuleni saa saba na dakika tisa.

Kengele ilishalia. Wanafunzi wamemwagika uwanjani, wanalinganisha majibu, wanabishana. Mtihani umekwisha. Simu zimerudishwa.

Mlinzi wa getini alianza kusema kitu kuhusu kuandika jina kwenye daftari, kisha akaona tumebeba nini, akafungua geti lote.

Nikakimbia.

Mwaka mzima sikuwahi kukimbia. Ghorofa ya pili, ngazi thelathini na sita, nazijua kwa sababu nilizibadilishia mikono ya mbao mimi. Mapafu yanawaka, moyo unanidunda masikioni. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: Mwalimu yuko sakafuni na watu wanampepea.

Nikausukuma mlango wa ofisi ya walimu.

Walikuwa kama kumi, wamesimama kwa duara. Mwalimu wa hesabu anajifuta macho kwa tai yake. Mwalimu mkuu ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili.

Katikati ya duara, kwenye meza yake, Mwalimu amekaa. Simu yake iko mbele yake, imewashwa. Ana kalamu nyekundu. Anasahihisha madaftari.

Mwalimu wa hesabu aliniona kwanza. Alikaa sakafuni bila kutafuta kiti.

Mwalimu akainua macho.

"Umechelewa," akasema. "Telegramu aliandika saa saba."

Nimeshika mlango, sina pumzi. "Mwalimu. Uko salama?"

"Mimi ndiye nakuuliza. Daktari amesemaje?"

"Hujasoma ujumbe?"

"Nimesoma. Wa Telegramu siutaki. Nataka kwa mdomo wako."

"Amesema haoni kitu."

"Wapi?"

"Popote. Shingo, kifua, tumbo. Hakuna kitu, Mwalimu."

Akaweka kalamu chini, akaifunika kwa uangalifu, akaisogeza pembeni. Ndipo akaja. Alinishika kipara kwa viganja viwili kama anayepima kitu sokoni, akanivuta, akaweka paji lake la uso kwenye shingo yangu, upande uleule wa uvimbe. Akalia. Alilia hadi shati langu likalowa, na katikati ya kulia akaanza kucheka, na walimu wote wakaanza kucheka, isipokuwa wa hesabu ambaye alikuwa bado hajainuka sakafuni.

Mwalimu mkuu, kwa kukosa la kufanya, akanywa yale maji yeye mwenyewe.

Tukatoka tukasimama kwenye varanda, tumeegemea ukingo. Chini uwanjani Patasi anageuza pikapu na nusu ya shule imelizunguka jeneza.

"Niliogopa sana," nikamwambia. "Nilijua utaanguka. Kumbe hata hukuamini kwamba nimekufa."

"Niliamini," akasema. "Niliamini miezi minane iliyopita."

Nikadhani ni utani.

"Siku ile ya kwanza kabisa," akaendelea, "ulipotumwa maabara kutoa damu, daktari alinikalisha. Akasema ugonjwa umesambaa. Akasema dawa zitakupunguzia maumivu, lakini nijiandae, huenda usimalize miezi sita."

"Wewe uliniambia anasema dawa inashika."

"Nilikuambia nilichotaka kiwe."

"Na mara zote zile nyingine?"

"Mara zote zile nyingine nilikuwa naingia mle ndani, nasikia lake, natoka nakuambia langu. Mwezi wa tano wa dawa ndiyo alianza kusema mwenyewe kwamba dawa inashika. Siku hiyo nilikuambia maneno yaleyale ya kila siku, hukujua tofauti. Mimi nilijua."

Nilimwangalia huyu mtu ambaye nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na sita.

"Nilikuwa naamka mapema," akasema. "Nafungua maji bafuni ili usisikie. Nakulilia. Nikimaliza naosha uso, nakuja kukuamsha unywe dawa."

"Nilidhani umependa kuoga," nikasema.

Akacheka, akapangusa pua. "Leo nilipousoma ule ujumbe kwa sauti, wakaja kunizunguka, nikatafuta machozi, sikuyaona. Nikajiambia, mtu huyu nimemlilia miezi minane na kila jioni namkuta mezani. Simlilii tena mpaka nimwone kwa macho."

"Na mitihani leo? Kweli hukuweza kuja?"

"Wasimamizi wako wengi." Akatazama uwanjani. "Niliogopa, Fundi. Kile kiti cha ofisini kwa daktari nilishakikalia siku ile ya kwanza, nisingeweza kukikalia na siku ya mwisho."

Yaani mimi nimevuka mji mzima na jeneza mikononi, roho imenitoka, ili mke wangu asije akasikia kwamba nimekufa. Na yeye kwa miezi minane, kila siku bila kuruka hata moja, alikuwa anafanya kazi hiyohiyo kwa ajili yangu. Mimi nilihangaika dakika arobaini na tisa nikaona nimefanya kitu kikubwa.

Ile imani niliyokuwa najivunia wodini, wagonjwa wenzangu wakiniambia Fundi una moyo, haikuwa ya kwangu. Nilikuwa nimeiazima kwake. Nikamshika mkono, nikamwambia asante. Nikaona haitoshi, nikasema tena. Akaniambia nisimalize zote leo.

Telegramu alikuwa amesimama chini ya ngazi, hajathubutu kupanda. Dada yake alishuka, akampiga kikofi cha kisogoni, kisha akamkumbatia muda mrefu. Akamkabidhi simu yake. "Andika kwenye kundi. Sahihisha."

Kijana akaandika. Akatuma bila kusoma mara ya pili.

"Marekebisho. Bado yupo. Njooni hivyohivyo."

Na walikuja. Wengine walishafika zamani, sebule imesafishwa, viti vimepangwa hadi nje. Tulipoingia Shangazi alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akanizunguka mara moja, akanipiga kibao cha bega, akanikumbatia hadi nikakosa hewa. Halafu akauliza, "Sasa watu wote hawa niwaambie nini?"

"Waambie wakae," nikasema.

Wakakaa. Msiba ukageuka sherehe bila hata kiti kimoja kuhamishwa. Jirani aliyekuja kulia alibaki kucheza. Patasi alisimama akaeleza jinsi alivyopanda meza kwa hatua moja, na kila akirudia meza inakuwa ndefu zaidi. Jeneza alikwenda kulivunja kesho yake, mbao zikawa rafu za duka la vitabu.

Kope zangu zimeanza kuota. Tatu kushoto, tano kulia. Mwalimu anazihesabu kila asubuhi.

Sasa nawaachia neno langu, mlichukue au mliache. Kama uliumwa ukapona, usimshukuru daktari ukaishia hapo. Mtafute yule aliyekushikia beseni ulipokuwa unatapika, umkalishe, umuulize alikuwa anaambiwa nini ukiwa hupo, na alilia saa ngapi. Usimkatize, na usimwambie pole kabla hajamaliza.

Mimi niliuliza. Jibu lilichukua jioni mbili, na bado kuna mengine ananieleza.